Sura Naijua, Jina Silipati: Mwongozo Kamili wa Kukumbuka Majina ya Watu Unaowafahamu

Mtu anakujia harusini, anakushika mkono kwa mikono yake miwili. Unakumbuka kwamba alisoma na kaka yako, kwamba alihamia Morogoro, kwamba mkewe ni nesi, na hata rangi ya pikapu yake unaijua. Jina ndilo halipo. Unaishia kusema "za siku nyingi, ndugu yangu" huku ukimwomba Mungu asitokee mtu wa tatu ukalazimika kuwatambulisha.

Ushauri unaozunguka kila mahali ni kurudia jina mara tatu unapotambulishwa. Wengi wameufuata na bado wanakwama, kwa sababu shida yao haikuanza siku ya kutambulishwa. Mtu wanamjua. Kinachoshindikana ni kulitoa jina lililokwisha kuhifadhiwa. Mwongozo huu unahusu zaidi hao unaowafahamu tayari: jamaa wa mbali, majirani wa zamani, wenzako wa shule, waumini wenzako. Chagua tukio moja lililo mbele yako, kama harusi, hitima au safari ya kwenda nyumbani Desemba, ufanye kazi kwa kulilenga hilo.

## Unachohitaji

- Daftari dogo, au kadi ulizokata kutoka kwenye karatasi ya manila.
- Simu yako, yenye orodha ya namba na picha za zamani za kundi.
- Mtu mmoja anayewajua wote. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo.
- Dakika kumi kwa siku, kuanzia wiki mbili kabla ya tukio.

Vidonge vya kuongeza kumbukumbu havimo kwenye orodha hii, na usivinunue.

## Kabla ya kuanza: jina ni kituo cha mwisho

Ukiuelewa mpangilio huu, hatua zote zitakuwa na maana. Ubongo unapomwona mtu hupita vituo vitatu. Kwanza unaitambua sura: hii nimewahi kuiona. Kisha unafungua taarifa za mwenye sura: kazi yake, kwao, tulikutana wapi. Jina linakuja mwisho, na njia ya kulifikia inapitia kwenye hizo taarifa.

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza, Andrew Young, Dennis Hay na Andrew Ellis, waliwapa watu 22 shajara za kuandika kila walipokosea kumtambua mtu. Kukumbuka mambo ya mtu bila jina lake kulijitokeza mara nyingi mno. Kulikumbuka jina la mtu aliye mbele yako bila kujua lolote kumhusu hakukujitokeza.

Halafu jina lenyewe ni neno gumu. Ukiambiwa fulani ni mganga, papo hapo unaona vibuyu, mizizi na foleni ya wagonjwa. Ukiambiwa anaitwa Mganga, na lipo jina la ukoo la hivyo, hakuna unachokiona. Watafiti hao pamoja na mwenzao walilipima jambo hili mwaka 1987 kwa maneno kama Baker, ambalo kwa Kiingereza ni jina la ukoo na pia ni mwoka mikate. Neno lilelile lilikumbukwa vizuri lilipotolewa kama kazi, na likapotea lilipotolewa kama jina. Kazi imefungwa kwa kamba nyingi, lakini jina ni mtumbwi uliofungwa kwa kamba moja.

Hata kwenye ubongo kazi hizi hazifanyiki mahali pamoja. Mwaka 1996 Hanna Damasio na wenzake walionyesha kwamba watu walioumia ncha ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, nyuma ya panja, walishindwa kutaja majina ya watu maarufu waliowaona pichani, ingawa waliweza kueleza ni akina nani. Kwa hiyo ukijua kila kitu isipokuwa jina, hujawa mpumbavu wala hujampuuza mtu.

## Hatua ya 1: Jua unakwama kituo gani

Chukua picha moja ya kundi, ya kipaimara, ya maulidi au ya mahafali. Pita sura moja baada ya nyingine. Kwa kila mtu andika alama mojawapo:

S – hata sura siikumbuki.
T – sura naijua, ila sijui ni nani.
J – namjua vizuri, jina tu.

Kwa nini: kila alama ina dawa yake. Mwenye S nyingi hana haja ya mazoezi ya majina kwanza, anahitaji kukaa na picha. Mwenye T anahitaji taarifa, na hapo ndipo shangazi anaingia kazini. Mwenye J ataanza moja kwa moja na hatua ya 2.

Tahadhari: wapo watu ambao tangu utotoni hawatambui sura kabisa, hata za jamaa wanaoishi nao, na humtambua mtu kwa sauti, mwendo au nguo. Hilo ni jambo linalojulikana kitaalamu wala si dharau. Kama ndivyo ulivyo, tumia sauti na mwendo kwenye hatua zinazofuata badala ya picha.

Umefaulu ukiona: una orodha ya watu wasiozidi 15 wenye alama ya J. Zaidi ya hapo utachoka siku ya tatu.

## Hatua ya 2: Safisha simu yako

Fungua orodha ya namba. Bila shaka utamkuta Fundi Bomba Tabata, Mama Nyanya, Boda wa Kijiweni, Shem wa Moro, Mwl Hisabati. Simu yako imehifadhi taarifa za kituo cha pili, zile ambazo ubongo tayari unazimudu bila msaada. Jina, ambalo ndilo dhaifu, umeliacha nje.

Ongeza jina mwanzoni: *Hamisi Fundi Bomba Tabata*. *Rehema Nyanya*. Usiufute wasifu, maana ndio unaokuongoza kwenye jina.

Kwa nini: jina lisilotamkwa hulegea. Mwaka 1991 Deborah Burke na wenzake waliwachunguza watu wa rika mbalimbali na kuona kwamba majina ya watu hukwama mara nyingi kuliko maneno mengine, na zaidi kwa wenye umri mkubwa. Maelezo yao ni kwamba waya kati ya maana na sauti ya neno hudhoofika neno lisipotumika, hata kama kumjua mtu kumebaki palepale.

Sisi tuna njia nyingi za kuishi na mtu miaka kumi bila kutamka jina lake: shemeji, mzee, dada, jirani, mama fulani, bosi, na likizidi kukwama, nanihii. Ni adabu nzuri, na sishauri mtu aiache. Ila ubongo unalipa gharama yake.

Tahadhari: kama hujui jina la fundi, usimbahatishie. Muulize siku ya kumlipa, ndipo huwa na furaha.

Umefaulu ukiona: simu ikiita, jina linatangulia kusomeka kabla ya kazi ya mtu.

## Hatua ya 3: Funga jina kwa kamba zaidi ya moja

Kwa kila mtu tengeneza kadi. Upande wa mbele bandika picha, au andika maelezo ya sura na sauti. Upande wa nyuma andika jina, na chini yake mambo matatu: mahali, kazi au ukoo, na jambo moja linalogusa jina lenyewe.

Jambo hilo la tatu ndilo watu wanalolikwepa, na ndilo lenye kazi. Hapa Afrika Mashariki tuna bahati, kwa kuwa majina mengi yana habari ndani yake. Mwanaidi alizaliwa Idi. Masika alizaliwa wakati wa mvua za masika. Otieno ni mtoto wa usiku kwa Wajaluo, Okoth wa mvua, na Wambua naye ni wa mvua kwa Wakamba. Muulize mtu jina lake lilitokana na nini. Wengi hufurahi kusimulia, na ukishasikia kisa cha bibi aliyejifungua gari limekwama matopeni, jina halikutoki tena.

Jina kama Godfrey au Salma, ambalo halikupi picha ya haraka, lifunge kwa mtu mwingine unayemjua vizuri mwenye jina hilo. Waweke wote wawili mahali pamoja akilini: Salma huyu anamuuzia maandazi Salma wa binamu yako. Ikiwa ya kuchekesha, bora zaidi.

Tahadhari mbili. Usifunge jina kwa nguo au mtindo wa nywele, kwa sababu wiki ijayo havitakuwepo. Na usifunge kwa kasoro ya mtu, kama kipara, jino au kilema. Kinachokaa karibu na jina ndicho kinachotangulia mdomoni, na siku moja kitakutoka mbele za watu.

Umefaulu ukiona: unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mtu huyu anaitwa hivi.

## Hatua ya 4: Jiulize, usijisomee

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoharibu. Wanakaa na kadi jioni, wanasoma majina juu chini mara ishirini, wanajisikia wamejaa. Asubuhi hamna kitu.

Kusoma jina kunaimarisha kulitambua ukiliona limeandikwa. Harusini hakuna atakayekuonyesha jina limeandikwa. Utaonyeshwa sura, na jina utalitoa mwenyewe. Basi zoezi lazima liende upande huohuo: picha kwanza, jina baadaye, kadi ikiwa imefunikwa.

Fanya hivi. Tazama picha. Subiri. Litamke jina kwa sauti, si moyoni. Ndipo ugeuze kadi. Ukikosea, soma jina, funika, hesabu hadi kumi, jiulize tena.

Kisha tanua nafasi kati ya maswali:

- Mara ya kwanza, papo hapo baada ya kutengeneza kadi.
- Baada ya dakika chache, ukiwa umeshughulika na jambo jingine.
- Baada ya saa moja hivi.
- Usiku kabla ya kulala.
- Kesho yake.
- Baada ya siku tatu.
- Baada ya wiki.

Ukishindwa mahali, rudi ngazi moja nyuma kwa mtu huyo peke yake. Wengine waendelee.

Kwa nini: kila unapolichimba jina mwenyewe, njia yake inapanuka, na inapanuka zaidi pale jina linapokuwa limeanza kusahaulika kidogo bila kupotea kabisa. Thomas Landauer na Robert Bjork walionyesha faida ya kutanua nafasi hivi mwaka 1978, na sehemu ya majaribio yao ilikuwa ya majina ya watu. Mwaka 2005 Peter Morris na wenzake wa Uingereza waliupeleka mtindo huo kwenye tafrija halisi. Waliojiuliza kwa nafasi zinazotanuka walikumbuka majina ya wageni kuliko waliotegemea kutunga picha akilini.

Matokeo hayo yananifanya niseme wazi: ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu wote, chukua hii. Hatua ya 3 inasaidia ukiwa umekaa kwa utulivu na kadi zako. Katikati ya muziki na watu wakikupigapiga begani, hakuna mwenye nafasi ya kutunga picha ya Salma wawili na maandazi.

Shangazi atumike hapa pia. Mpigie simu, mwambie akutajie wasifu nawe utaje jina: "Yule wa Moshi, mtoto wa pili wa baba mdogo, anayefuga nguruwe?" Sauti yake na vituko atakavyoongeza vitakusaidia kuliko kadi.

Tahadhari: changanya kadi kila mara. Ukizipitia kwa mpangilio uleule utakuwa umejifunza foleni, kwamba baada ya Joseph anafuata Happy, na harusini watu hawakai foleni.

Umefaulu ukiona: jina linatoka ndani ya sekunde mbili hivi, kabla hujaanza kujikumbusha mambo mengine ya mtu huyo.

## Hatua ya 5: Kikaoni, pale mwenyekiti anaposema "tujitambulishe"

Mnakaa kwenye viti vya plastiki, kikao cha kwanza cha kamati ya harusi. Mwenyekiti anasema waanze kulia. Zamu inakuja kwako taratibu. Unapanga: niseme ni rafiki wa bwana harusi au ni jamaa? Nitaje na ahadi ya mchango? Unasimama, unasema, unakaa. Aliyesema kabla yako anaitwa nani?

Hukumsikia, na si wewe peke yako. Malcolm Brenner alilionyesha hili mwaka 1973: watu wanaposubiri zamu kwenye duara, hukumbuka vibaya maneno ya yule aliyewatangulia. Akili imeshikwa na zamu inayokuja.

Dawa ni ndogo. Tunga sentensi yako ukiwa njiani, iwe moja, uiache. Zamu ikikaribia usiiguse. Kikao kikiisha, mfuate yule aliyekaa kabla yako, mtake jina. Wengine watano sita waliobaki jiulize majina yao wakati chai inagawiwa, bila kuchungulia kundi la WhatsApp. Kuchungulia ni baadaye, kwa kusahihisha.

Tahadhari ya adabu: kuliimarisha jina kwa kulitamka hakumaanishi kumwita mkubwa jina kavu. Sema Mzee Ramadhani, Dada Rehema, Mwalimu Otieno. Mkwe usimtaje jina kabisa, litamke ukiwa peke yako. Na ukimwita mtu Mama Neema, kumbuka kwamba hapo umejifunza jina la mtoto. La kwake liulize kwa mtu mwingine uliandike kwenye kadi, kwa sababu siku akiletewa kadi ya mwaliko, huenda jina lake mwenyewe ndilo litakaloandikwa.

Umefaulu ukiona: unaondoka ukimuaga angalau mtu mmoja kwa jina ambalo hukuwa nalo ulipoingia.

## Hatua ya 6: Jina likikwama ulimini

Hata ukifanya yote, yapo yatakayokwama. Hali hii ilichunguzwa na Roger Brown na David McNeill mwaka 1966. Waligundua kwamba mtu aliyekwamiwa na neno mara nyingi anazijua sehemu zake, kama herufi ya mwanzo au idadi ya silabi. Kwa hiyo unachokihisi ni cha kweli: jina lipo, sauti yake ndiyo haijakamilika.

1. Acha kulikazania. Kama jina lisilo sahihi linajirudia, sema Hamadi, Hamadi, na unajua siye, liache lipite. Kila ukilirudia unalipa nguvu.
2. Rudi kituo cha pili. Jikumbushe mlikokutana, aliyekuwepo, lugha mliyozungumza.
3. Pita silabi za mwanzo: a, ba, cha, da, fa. Ikigusa, utahisi.
4. Usizidi nusu dakika. Waliofanya utafiti Canada mwaka 2008, Amy Beth Warriner na Karin Humphreys, waliona kwamba maneno ambayo watu waliachwa wakihangaika nayo kwa sekunde 30 yalikwama tena siku mbili baadaye kuliko yale waliyohangaika nayo kwa 10. Unapohangaika sana unajifunza kukwama.
5. Omba kidokezo. Mnong'oneze mwenzako akupe silabi ya kwanza tu. Ukilimalizia mwenyewe ni bora kuliko kutajiwa zima.
6. Likipatikana, litamke kwa sauti mara moja, na tena kabla ya kulala.

Kama mtu yuko mbele yako na hakuna msaidizi, omba kwa kutanguliza unachokijua: "Niwie radhi, tulikuwa wote msiba wa Mzee Kondo, na wewe ndiye uliyeleta turubai. Jina limenitoka." Anayesikia hivyo anajua hukumsahau. Ni tofauti kabisa na "samahani, wewe nani vile?"

## Ukimwita Juma kwa jina la Musa

Hili linaulizwa sana na akina mama, na wanaliogopa bure. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Samantha Deffler walikusanya majibu ya watu zaidi ya 1,700 na kuona kwamba makosa haya hufuata kundi: mtoto huitwa kwa jina la ndugu yake, rafiki kwa jina la rafiki. Majina yanayofanana sauti yaliongeza makosa kidogo, lakini sura kufanana hakukuwa na uzito. Hata jina la mbwa wa nyumbani lilichanganywa na ya watoto.

Huo si ugonjwa. Ubongo umefungua kundi sahihi, "watoto wangu", ukashika jina lililo karibu yake. Kabla ya kuita, tua pumzi moja ukimtazama unayemtaka. Zoezi lingine halihitajiki.

## Wakati wa kwenda hospitali

Kukwama jina na kulipata ukiwa bafuni ni kawaida, na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Mpeleke mtu kwa daktari ukiona anaanza kusahau majina ya vitu vya kila siku kama kijiko au ufunguo, hawatambui watu wa nyumbani mwake, anauliza jambo lilelile baada ya dakika chache, au anapotea njia anayoijua. Aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni badiliko.

Maneno yakipotea ghafla ni jambo jingine. Kama mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno yanatoka yamevurugika, hicho huenda ni kiharusi. Usimpe chakula wala kinywaji, usisubiri apumzike kwanza. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uandike saa dalili zilipoanza, maana madaktari wataiuliza.